Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na Njia Panda ya Kiswahili: Tanganyika, Urundi na Majirani Zao

Utangulizi

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914-1918) aghalabu hufundishwa katika shule zetu kama ugomvi wa mataifa ya Ulaya: mauaji ya Sarajevo, mahandaki ya Ufaransa, Mkataba wa Versailles. Afrika Mashariki hutajwa kwa aya moja au mbili, kisha mwalimu huendelea na mada nyingine. Kwa mwalimu wa Kiswahili pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Vita hivyo vilichora upya mipaka ya eneo letu, na kwa kufanya hivyo vilichangia kuamua ni nchi ipi ingekikuza Kiswahili kuwa lugha ya shule na ofisi, na ni nchi ipi ingekiacha sokoni na kambini.

Makala haya yanakusudia kueleza athari za kijamii na kisiasa za vita hivyo katika eneo letu. Tutatazama hasa Tanganyika na Urundi (Burundi ya leo), ambazo hadi 1916 zilikuwa ndani ya koloni moja. Rwanda, Kenya na Uganda zitaguswa pale zinapotusaidia kuelewa. Hoja yetu ni kwamba nafasi ndogo ambayo Kiswahili kilikuwa nayo nchini mwetu kwa miaka mingi haikutokana na kwamba Warundi ni watu wasiopenda lugha hii, wala na kwamba ni lugha ya kuazima tu. Ilitokana kwa sehemu kubwa na maamuzi yaliyofanywa kati ya 1916 na 1930 na watu waliokuwa mbali na Bujumbura.

1. Kabla ya vita: koloni moja, lugha moja ya ofisi

Koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Urundi. Upande wa pwani, Wajerumani walirithi utaratibu wa maliwali, maakida na majumbe, na wakaendelea kuutumia Kiswahili katika kutawala. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, ilizalisha makarani na walimu waliotumwa bara. Mwaka 1904 lilianza gazeti la Kiongozi, lililochapishwa mjini Tanga kwa Kiswahili. Kwa hiyo kabla ya 1914 palikuwapo tayari kundi la Waafrika waliosoma, kuandika na kufanya kazi kwa lugha hii mamia ya kilomita kutoka baharini.

Rwanda na Urundi zilitawaliwa kwa namna nyingine. Falme zake zilikuwa imara, nazo zilikuwa na lugha moja moja iliyoenea kote, Kinyarwanda na Kirundi. Wajerumani walitawala kupitia wafalme, wakiwa na maofisa wachache. Hata hivyo Kiswahili kilikuwapo. Kituo cha kijeshi cha Usumbura kilizungukwa na askari, makarani, mafundi na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, bei zilitajwa kwa Kiswahili, na aliyetaka kuelewana na serikali alihitaji mkalimani wa Kiswahili.

Ushahidi umo katika lugha zetu wenyewe. Neno shule lilitoka katika Kijerumani, likaingia Kiswahili, kisha likawa ishure katika Kirundi na ishuri katika Kinyarwanda. Sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Heller ilizaa hela katika Kiswahili na amahera katika Kirundi. Wajerumani wenyewe, Wadachi wa Kiswahili, wakawa Abadagi. Neno umusirikare, yaani mwanajeshi, kwa dhahiri linatokana na serikali. Mwanafunzi akilitafakari neno hilo ataona jinsi wazee wetu walivyoijua serikali hiyo ya kigeni: iliwafikia kwa sura ya mtu mwenye bunduki.

Mapema mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Bidhaa, barua na watu wa Urundi sasa wangeweza kufika Dar es Salaam kwa meli na treni. Kila kitu kilikuwa kinaelekea mashariki. Miezi michache baadaye vita vikazuka.

2. Vita vyenyewe

Mnamo Agosti 1914 manowari ya Waingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam. Mwezi Novemba jeshi la Waingereza, lenye askari wengi kutoka India, lilijaribu kuteka Tanga likashindwa vibaya. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua kuwa hawezi kushinda. Nia yake ilikuwa kuwashughulisha maadui hapa ili wasipeleke nguvu zao zote Ulaya. Hesabu hiyo ya kijeshi ndiyo iliyoifanya nchi nzima kuwa uwanja wa vita kwa miaka minne.

Katika Ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa na meli tatu, na kwa muda wao ndio waliotawala ziwa. Waingereza walileta boti mbili kutoka Uingereza, wakazivusha nchi kavu kupitia Kongo. Desemba 1915 waliiteka Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli ya tatu, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe huko Kigoma mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Iliibuliwa mwaka 1924, ikaanza safari upya mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikabeba abiria wa ziwa hili.

Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia kutoka magharibi. Kigali ilitekwa mwezi Mei, Usumbura mwezi Juni, Kigoma mwezi Julai, na Tabora mwezi Septemba. Kutoka kaskazini walishuka Waingereza na Waafrika Kusini wakiongozwa na Jan Smuts. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kuelekea kusini, akaingia Msumbiji, akarudi tena, na mwishowe akasalimu amri huko Abercorn (Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Alikuwa amebaki na askari Waafrika wasiozidi 1,200.

Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya waliopigana katika miaka ya mwisho walikuwa Waafrika wa pande zote mbili. Jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya kwa kufuata herufi KAR, lilikuwa na askari wasiofika 3,000 mwaka 1914. Vita vilipomalizika lilikuwa limepita 30,000. Askari hawa walitoka makabila mengi, nao walihitaji lugha moja ya amri. Katika vikosi vingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na ndipo kilipokomaa Kiswahili cha jeshini kilichoitwa Kikeya.

3. Mzigo wa raia: upagazi, njaa na maradhi

Msomaji akitaka kuelewa athari za vita hivi kwa jamii, asianze na askari. Aanze na mpagazi.

Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na mbung'o, na ng'ombe, farasi au punda waliotumwa kubeba mizigo walikufa haraka. Barabara zilikuwa chache, na malori yalikwama matopeni wakati wa masika. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Lakini mpagazi naye anakula. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya chakula ilivyoliwa na wale waliokibeba, na ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Hiyo ndiyo sababu idadi yao ilipanda kupita kiasi. Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika kampeni yote. Wabelgiji na Wajerumani nao walichukua watu wao, mara nyingi kwa kuwakamata vijijini bila hata kuandika majina.

Vifo vya wapagazi kwa hesabu za Waingereza wenyewe vilikaribia 100,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, tena kwa sababu zilizoweza kuepukwa. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, sufuria hazikutosha, na unga ulioliwa ukiwa haujaiva uliharibu matumbo. Watu wa nyanda za juu zenye baridi walipelekwa mabonde yenye mbu. Blanketi moja na nguo nyepesi ndivyo vilivyokuwa kinga yao dhidi ya mvua.

Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu walilitamka kwa masikio yao, likawa kariakoo. Kambi yao ya Dar es Salaam ikageuka kuwa mtaa na soko mashuhuri la Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor. Leo mnunuzi wa vitenge pale Dar es Salaam hutamka jina la wafu wale bila kujua. Hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba msamiati ni kumbukumbu.

Nyuma ya majeshi ilifuata njaa. Majeshi yote yalichukua nafaka na mifugo, na vijana wa kulima walikuwa safarini. Huko Ugogo, katikati ya Tanganyika, njaa ya 1917-1920 iliitwa Mtunya. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ambako majeshi ya Wabelgiji na Wajerumani yalikabiliana kwa muda mrefu, njaa ya Rumanura ilianza mwaka 1916 ikaendelea hadi 1918. Kabla watu hawajapata nafuu, homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 na 1919 ilipita kila kijiji, ikisaidiwa na meli, reli na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao.

4. Beni: ngoma iliyosafiri na vita

Si kila kilichoenea kilikuwa maradhi. Ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana waliiga bendi za jeshi na manowari: walipiga tarumbeta na ngoma, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya jenerali, mfalme na daktari. Vyama viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii, alionyesha jinsi vita vilivyoitoa beni pwani na kuitawanya bara. Askari, wapagazi na mateka waliicheza makambini, na walipotawanyika waliondoka nayo. Baada ya 1918 ilikuwapo sehemu nyingi za Tanganyika na kufika hadi Malawi na Zambia.

Watawala wa Kiingereza waliitilia shaka. Waliogopa kuwa vyama vyenye matawi miji mingi, vyeo, michango na barua vingegeuka kuwa siasa. Kwa kweli kazi ya beni ilikuwa ya kijamii zaidi: kumzika mwanachama, kumpokea mgeni, kumsaidia mgonjwa. Lakini hofu yao haikuwa ya kijinga. Mtu wa Tanga aliyefika Tabora na kupokewa na wenzake wa Arinoti, wakazungumza na kuimba kwa Kiswahili, alikuwa amekwisha kujifunza kwamba udugu unaweza kuvuka kabila. Somo hilo lilitumiwa na wengine baadaye.

5. Mezani: mipaka mipya

Tarehe 30 Mei 1919 mjumbe wa Ubelgiji, Pierre Orts, na wa Uingereza, Alfred Milner, walikubaliana jinsi ya kugawana koloni la Wajerumani. Uingereza ilipata sehemu kubwa, iliyopewa jina la Tanganyika mwaka 1920. Ubelgiji ilipata Rwanda na Urundi. Ureno ilipewa kipande kidogo cha Kionga mpakani na Msumbiji. Hakuna Mrundi, Mnyarwanda wala Mtanganyika aliyeulizwa. Mnamo Julai 1922 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilithibitisha mgawanyo huo kwa jina la udhamini.

Mpaka ule haukufuata watu. Eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, lilipewa Waingereza kwa sababu walifikiria kupitisha reli yao hapo; lilirudishwa Rwanda kuanzia 1924 baada ya malalamiko mengi. Bugufi, ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, ilibaki Tanganyika. Leo iko katika wilaya ya Ngara, na lugha ya wenyeji wake, Kihangaza, inakaribiana mno na Kirundi. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuona tofauti kati ya mpaka wa lugha na mpaka wa dola hana haja ya kwenda mbali.

Mwaka 1925 Ubelgiji iliunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo yake. Kwa amri hiyo dira yetu iligeuzwa. Njia ya bandari ya Dar es Salaam iliendelea kutumika, kwani Wabelgiji walipewa sehemu zao za bandari huko Dar es Salaam na Kigoma kwa mapatano ya 1921, lakini sheria, sarafu, shule na lugha ya ofisi zilitazama Léopoldville na Brussels. Hata fedha ziligawanyika: Tanganyika ikaingia katika shilingi, Urundi ikaingia katika faranga. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hela ya Mjerumani, iliyokufa kama sarafu, iliendelea kuishi kama neno pande zote mbili. Mtanzania bado anatafuta hela na Mrundi bado anatafuta amahera.

6. Athari za kisiasa

Vita vilivunja heshima ya mtawala. Waafrika walikuwa wamemwona Mzungu akimkimbia Mzungu mwenzake, akiugua, akiogopa na kufa. Waliporudi nyumbani walikuta malipo madogo na amri mpya.

Kenya ndiyo iliyoonyesha haraka zaidi. Sheria ya kuandikisha wafanyakazi ilitungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika akalazimika kubeba kipande. Mwaka 1919 serikali ilianza kuwagawia ardhi maaskari Wazungu waliostaafu, huku wapagazi Waafrika na familia za waliokufa wakiambulia kidogo sana au kutopata kitu. Mwaka 1921 Harry Thuku alianzisha chama cha vijana mjini Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi.

Tanganyika ilichukua njia ya utulivu zaidi lakini yenye mizizi mirefu. Mwaka 1922 huko Tanga, Martin Kayamba, ambaye Wajerumani walikuwa wamemweka kizuizini wakati wa vita, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Wanachama walikuwa Waislamu na Wakristo, wa makabila mbalimbali, waliounganishwa na kazi ya kalamu na lugha moja. Mwaka 1929 kilianzishwa Dar es Salaam chama cha African Association, ambacho mwaka 1954 kiligeuzwa kuwa TANU.

Kwetu Urundi vita vilikuta msiba. Mwami Mutaga alifariki Novemba 1915, na Mwambutsa akatawazwa akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo Wabelgiji walipoingia mwaka uliofuata walikuta kiti cha enzi kikiwa mikononi mwa walezi wa mtoto. Katika miaka ya 1920 na 1930 walipanga upya utawala, wakapunguza sana idadi ya machifu, wakapendelea kundi moja katika elimu na madaraka. Historia ya matokeo ya sera hizo ni nzito na inahitaji makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba mlango wa sera hizo ulifunguliwa na ushindi wa 1916.

7. Kiswahili kwenye njia panda

Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta jambo ambalo hawakulizoea katika makoloni yao mengine: wangeweza kumwandikia barua akida au jumbe wa mbali kwa lugha moja, naye akajibu. Taarifa zao za mwanzo zilikiri kuwa hayo yalikuwa matunda ya shule za Wajerumani. Hawakuwa na sababu ya kuyatupa. Januari 1923 serikali ilianzisha gazeti la Mambo Leo, lililosomwa kwa sauti vijijini na kuchapisha barua na mashairi ya wasomaji.

Vita vilikuwa vimewapa Waingereza eneo linaloungana: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndipo lilipozuka wazo la kuzifanya kuwa shirikisho moja, na pamoja nalo wazo la kusanifisha lugha moja ya shule. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo kupitia mabadiliko mengi ndiyo iliyozaa TUKI na baadaye TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanachama walikuwa nchi hizo nne. Ruanda-Urundi na Kongo hazikuwamo, kwa sababu bendera yao ilikuwa nyingine. Hata ndani ya nchi hizo nne, kamati ilianza bila mjumbe Mwafrika.

Uganda inatukumbusha kuwa uanachama haukutosha. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa waraka wa mwaka 1929. Waganda waliona kwamba Kiswahili kingeleta shirikisho, na shirikisho lingeleta walowezi wa Kenya. Hawakuwa wanabishana juu ya sarufi. Walikuwa wanabishana juu ya ardhi na utawala wao.

Na Urundi? Kiswahili hakikufa, lakini kilifungiwa. Wamisionari wengi walikihusisha na Uislamu na wakapendelea Kirundi makanisani na katika shule za mwanzo. Elimu ya juu ilitolewa kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa katika shule ya Astrida (Butare) iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wana wa watawala. Kiswahili kikabaki Buyenzi, Rumonge, bandarini, gereji na sokoni. Kwa macho ya ofisi, neno "Mswahili" likawa na maana ya mtu wa mjini asiye na mwami wala kilima. Dharau hiyo tuliirithi, na wengine wetu bado tunaitumia kama utani.

Hata hivyo watu hao wa mitaa ya Waswahili hawakukaa nje ya historia. Louis Rwagasore alipojenga chama cha UPRONA kabla ya kuuawa Oktoba 1961, wakazi wa mitaa hiyo ya Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Lugha iliyotengwa na ofisi ilikuwa tayari kwa siasa, kwa sababu ndiyo iliyowaunganisha watu wa asili mbalimbali.

8. Somo kwa mwalimu

Kuna mambo matatu ambayo tungependa walimu na wanafunzi wayachukue.

Kwanza, tukifundisha historia ya Kiswahili, tusiruke kutoka misafara ya karne ya 19 hadi kamati ya 1930. Katikati yake kuna vita. Bila vita hivyo ni vigumu kueleza kwa nini Kigoma na Bujumbura, miji ya ziwa moja iliyokuwa koloni moja, zilipata sera mbili za lugha.

Pili, tuwe waangalifu tunaposahihisha. Mwanafunzi wa Buyenzi au Rumonge huja darasani na Kiswahili alichonyonya kwa mama yake. Husema mambo ambayo kamusi haiyatambui, nasi tunaweka alama nyekundu. Kiswahili sanifu lazima tukifundishe. Ndicho cha mitihani, vitabu na ajira katika Jumuiya. Lakini ni jambo moja kumwambia mwanafunzi, "Katika insha tunaandika hivi," na ni jambo jingine kumwambia, "Wewe hujui Kiswahili." Usanifu uliamuliwa mahali ambapo babu zake hawakualikwa, kwa sababu ya mstari uliochorwa mwaka 1919. Kosa la kisarufi lirekebishwe, ila lahaja isiitwe ujinga. Tena msamiati wake ni hazina ya utafiti ambayo bado haijakusanywa vya kutosha, na wazee wanaoujua wanapungua.

Tatu, tusome fasihi pamoja na historia. Riwaya za Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994) na Afterlives (2020), zinaingia katika maisha ya watu wa kawaida waliokumbwa na vita hivi. Ya kwanza imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Inafaa kusomwa sambamba na somo la historia ya lugha.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, tunapendekeza maswali haya: Ni maneno gani ya Kirundi yaliyopitia Kiswahili kutoka Kijerumani, na yametofautianaje na yale ya Kifaransa? Majina ya mitaa na vijiji vya kando ya ziwa yanahifadhi kumbukumbu gani za askari na wapagazi? Wazee wa Buyenzi wanasimuliaje asili ya familia zao?

Hitimisho

Vita vya 1914-1918 vilichukua vijana, mifugo na nafaka, vikaacha njaa na maradhi, vikabadilisha bendera, na vikazaa vyama vya kwanza vya kudai haki. Kwa upande wa lugha, vilikieneza Kiswahili kwa miguu ya askari na wapagazi, kisha amani iliyofuata ikakigawa kwa kalamu. Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wengi walisema kwamba tunapokea lugha ya jirani. Ushahidi tulioutaja hapo juu unaonyesha vingine. Yeyote anayesema ishure na amahera tayari amebeba sehemu ya historia hiyo kinywani mwake. Kazi yetu walimu ni kumsaidia kuitambua.